Mama wa Kanda Hakati Mtu

Mama wa Kanda aliamini kwamba mtu akishaingia katika picha, hana njia halali ya kutoka. Imani hiyo aliitamka kwa maneno machache: "Mimi sikati mtu." Aliwaambia hivyo maharusi, wachungaji na wenye mashamba, aliniambia hata mimi, siku ambayo nilikuwa nimepita kumsalimu tu. Nimesoma vitabu vingi vya maadili, na vingine nimevifundisha, lakini ni nadra kukutana na kanuni fupi kiasi hicho ambayo mwenyewe aliishika hata ilipomfukuzia wateja.

Sitamtaja jina. Noonkopir nzima, mtaa wetu hapa Kitengela, ilimwita Mama wa Kanda, na nadhani wengi hawakujua kwamba alikuwa na jina jingine. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza chakula cha kuku, na vumbi la chakula hicho lilikuwa adui wake wa kudumu. Enzi za kamera kubwa za begani, yeye ndiye aliyepiga video za harusi, mazishi na sherehe za mahari kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, kazi ambayo wakati huo hakuna mwanamke mwingine tuliyemjua aliyeifanya. Simu zilipompokonya kazi hiyo hakulalamika. Alifungua masanduku yake ya bati, akatoa kanda za video alizokuwa amezitunza, akabandika tangazo mlangoni: TUNAHAMISHA KANDA ZA ZAMANI KUINGIA KWA KOMPYUTA. Nilimshauri aandike "tarakilishi". Alinijibu kwamba wanaotafuta tarakilishi waende kwingine, yeye alikuwa na kompyuta.

Upande mmoja wa meza yake palikuwa na deki, ile mashine ya kuchezea kanda ambayo zamani ilipamba sebule ya kila mwenye uwezo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Upande wa pili palikuwa na kompyuta. Kati ya mashine hizo mbili zilipita nyaya tatu, wa manjano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, zikaishia kwenye kidude kidogo kama kiberiti ambacho kiligeuza mambo ya kanda kuwa faili. Baada ya hapo ndipo alipoweza kukaa mbele ya kioo, akapanga, akasafisha, akaandika majina. Lakini hatua ya kwanza haina njia ya mkato. Harusi iliyochukua mchana mzima kwenye kanda itachukua mchana mzima kuhamia kwenye mashine, kwa sababu kanda lazima ipite mbele ya kichwa cha deki, kile kinachoisoma, kwa mwendo wake wa siku zote.

"Shosho, si uiweke tu ikimbie?" kijana mmoja alimwuliza nikiwepo; shosho ni nyanya, na vijana wote walimwita hivyo.

"Naweza."

"Sasa?"

"Sasa utapata harusi ya kuku. Kaa chini."

Nitaeleza tabia zake kadiri ninavyozikumbuka, bila kufuata mpangilio wa miaka. Ila msomaji ajue mapema jambo lililonifanya niandike. Binti wa jirani yangu, niliyemfundisha shule ya msingi, alikuwa anakaribia kuolewa Kajiado. Baba yake ni muuza mbao aliyekuja kutoka upande wa Murang'a. Mama yake alikuwa Mmaasai wa ng'ambo ya Isinya, na alifariki binti huyo akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Picha za mama alikuwa nazo. Hakuwa na sauti yake. Alimwendea Mama wa Kanda, aliyepiga video ya harusi ya wazazi wake, akamwomba amtafutie neno moja lililotoka kinywani mwa mama yake, ili lisikike siku ambayo yeye naye ataolewa. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na nitalirudia.

Kwa kuwa kazi haikuharakishika, Mama wa Kanda alitazama kila kanda mwanzo hadi mwisho. Wenzake wa kazi hiyo kule Nairobi, nasikia, huwasha mashine wakaenda kula. Yeye alikaa. Alisema kanda ya zamani ikiachwa peke yake hujikunja kwa hasira ikakwama, na nadhani hilo ni kweli. Lakini nadhani pia alipenda kutazama. Matokeo yake alijua watu ambao hawakumjua. Sokoni aliweza kumshika mkono mwanamke mgeni kabisa kwake na kumwuliza, "Yule shangazi yenu wa kofia ya manjano alipona mguu?" Mwanamke akibaki ameduwaa, Mama wa Kanda alikuwa tayari anachagua nyanya. Alijua nani alilia kwenye harusi ya nani. Alijua wanaume waliosinzia kwenye mazishi ya baba zao. Hakulisema lolote kati ya hayo kwa mtu asiyehusika, na katika mji ambao maneno huvuka barabara ya Namanga haraka kuliko bodaboda, huo ni wema ambao haujawahi kupewa sifa inayostahili.

Kanuni yake ya kutokata watu ilipimwa sana na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Alileta kanda ya harusi yake ya kwanza. Yeye na mke wa harusi ile walikuwa wameachana, na mke wa sasa hakutaka kumwona hata kwenye kioo. Lakini marehemu mama yake huyo bwana alikuwa ndani ya kanda hiyohiyo, akicheza na kupiga vigelegele, na hapakuwa na picha yake nyingine inayotembea. Ombi lake halikuwa la kipuuzi. Alitaka mama abaki, mke aondoke.

"Nikimtoa huyu bibi," Mama wa Kanda alimwuliza, "hiyo keki unalishwa na nani? Na pepo?"

"Si ukate tu hapo kwa keki."

"Na hapa mama yako amemshika mkono. Nikate mkono wa mama yako?"

"Mama, mimi ndiye ninalipa."

"Lipa basi, na bibi abaki. Mimi sikati mtu."

Bwana yule alichukua kanda yake akaenda Rongai, kwa kijana mwenye mashine za kisasa, ambaye alimfunika mke wa kwanza uso kwa ukungu. Kilichotoka kilikuwa filamu ya mwanamume anayeoa wingu. Wingu linamlisha keki, wingu linamshika mama mkwe mkono, wingu linapanda gari. Alirudi Noonkopir akiwa mpole. Mama wa Kanda alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaihamisha kanda yote upya na kumwonyesha dakika za kuanzia na kuishia pale mama yake anapocheza. "Kuchagua pa kuangalia ni kazi ya macho," alimwambia. "Usiyape makasi kazi ya macho."

Naliunga mkono neno hilo. Tumeingia katika kizazi ambacho mtu akikosana na mwenzake humfuta kwenye simu, na baada ya muda huamini kwamba hakuwahi kuwapo. Mambo yetu mabaya yalitokea. Waliotuumiza walikuwapo, na siku hiyo walikuwa wamevaa vizuri.

Hata hivyo mwanamke huyohuyo alikuwa mwongo mkubwa wa kuongeza. Hakukata, lakini alimwaga. Kila harusi iliyotoka mikononi mwake ilirukiwa na njiwa weupe. Mioyo myekundu ilipanda kutoka pembe za kioo kama mapovu ya sabuni. Nyuma ya bibi na bwana waliopigwa video kwenye uwanda mkavu, penye mbuzi, yeye aliweka maporomoko ya maji ambayo hayajawahi kuonekana popote katika kaunti ya Kajiado. Tulivumiliana kwa hayo mpaka alipoigusa kwaya yetu. Mimi ni mzee wa kanisa, na siku ya kufungua jengo jipya la ibada kwaya yetu iliimba, nakiri, chini ya kiwango. Nilipoitazama kazi iliyokamilika, vinywa vya waimbaji wetu vilifunguka na kufungika kwa wakati wake, na sauti tamu za watu wengine kabisa zikasikika.

"Mama, hii si kwaya yetu."

"Najua, Mwalimu. Yenu iko hapo chini yake. Nimeipunguza."

"Umeipunguza kiasi gani?"

"Kiasi cha haki."

"Unawezaje kukataa uongo wa kukata, kisha ukaukubali wa kuongeza?"

"Nani amewahi kuumizwa na njiwa, Mwalimu?"

Nilimweleza kwamba uongo haupimwi kwa maumivu peke yake. Kwamba mtu anayezoea kupamba hupoteza uwezo wa kuona kilichopambwa. Nilieleza kwa urefu. Alinisikiliza akiwa amenishikia kikombe cha chai, akingoja nipumue ili anipe. Mjadala ule sikuushinda, na wala sidhani kwamba nilishindwa.

Hakupenda machozi karibu na mashine. Watu wengi waliomjia walikuwa wanatafuta marehemu, na marehemu akitokea kwenye kioo akitembea na kuchana nywele, hata mwanamume mwenye kitambi hutetemeka. Mama wa Kanda alikuwa na karatasi laini kwenye rafu kwa ajili hiyo, na maneno ya siku zote: "Lia upande ule, baba. Hapa hapataki maji." Wengine waliona huo ni ukavu wa moyo. Lakini hakumharakisha mtu aliyelia upande ule, na alisimamisha kanda mpaka amalize, jambo ambalo yeye mwenyewe alisema huichosha kanda.

Kosa lililomwuma zaidi halikuwa lake peke yake. Lilikuwa letu sote. Kanda mpya ilikuwa na kijino kidogo cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, hakuna anayeweza kurekodi kitu kingine juu yake tena. Mwanzoni Mama wa Kanda alikivunja mbele ya mteja kabla ya kumkabidhi. Wateja walipiga kelele. Walikuwa wamelipia kitu kipya, na fundi anakivunja mbele ya macho yao! Wakwe walikasirika, mabinamu wakataka kanda nyingine nzima. Akaacha. Akawa anawaambia wakivunje wenyewe wakifika nyumbani. Lakini nani kwetu huvunja kitu kipya nyumbani kwake? Vijino vikabaki vizima, na watoto wa nyumba zile wakarekodi juu ya harusi za wazazi wao mambo waliyoyapenda kwenye runinga. Ndiyo sababu harusi nyingi za Kitengela hukatika katikati ya wimbo wa dini na kugeuka kuwa mieleka.

Kanda ya muuza mbao ilikuwa mojawapo. Binti yake aliipeleka dukani imefungwa kwa leso, na nilikuwapo ilipochezwa. Tulimwona mama yake akitembea na shela, shanga za kwao zimepangwa shingoni juu ya gauni jeupe. Tulimwona akiulizwa swali la mchungaji, midomo ikajibu. Lakini kipaza sauti kilikuwa shingoni mwa mchungaji, na jibu halikusikika. Mchungaji akainua mkono ili abariki. Ghafla wanaume wawili wenye chupi wakaanza kutupana ulingoni.

"Ni binamu zangu," binti alisema polepole. "Walipenda sana hiyo mieleka."

"Usiwalaumu," Mama wa Kanda alimwambia. "Walikuwa watoto. Nitatafuta kanda mama."

Kanda mama ni ile ya kwanza kabisa, iliyotoka ndani ya kamera kabla ya kupangwa na kunakiliwa. Wapiga video wengine walizitumia tena na tena mpaka zikachakaa. Yeye alizihifadhi, kwa sababu ambayo hakuwahi kuieleza vizuri. Shida ilikuwa kwamba sanduku la harusi za Wamaasai lilikuwa limeingiwa na unyevu, na kanda nyingi zilikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo. Kanda ya aina hiyo ukiichezesha hivyohivyo, inachafua kichwa cha deki na yenyewe inaweza kuraruka. Aliipata ya mama yake binti, akaifungua kwa bisibisi, akaizungusha kwa mkono kidogo kidogo, akiifuta kwa kitambaa chenye spiriti, kisha akauhamishia utepe kwenye ganda jingine zima. Binti alipopita kuulizia, aliambiwa, "Bado. Mama yako anaoga."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu kanda zake za maboma ya Wamaasai, kwa kuwa ni jambo lililomtofautisha na wapiga video wanaume. Kule hakuruhusiwa kusimama na kamera mbele ya duara la wazee. Alipewa nafasi kwa wanawake, akapiga video kutoka hapo. Mjukuu aliyekuja kutafuta uso wa babu yake akibariki alipata mgongo wa babu na shuka lake.

"Sasa babu ni huyu?"

"Ndiye huyo, mgongo wake. Uso waliuona wanaume."

Lakini alipata kitu kingine: nyuso za wanawake, zikiwa karibu, zikicheka maneno yao, zikionja chai kabla ya wageni. Nilimwuliza kama waume walilalamika. Alisema walilalamika wote, na wote baadaye waliomba nakala ya pili.

Sasa nirudi kwa binti.

Asubuhi moja ya Jumamosi Mama wa Kanda alinipigia simu. "Mwalimu, kuja hapa kwa duka. Niko na shida ya dini."

Nilimkuta na mama wa maziwa, mwanamke wa Kimaasai wa rika lake ambaye kila asubuhi alileta maziwa ya ng'ombe wake kutoka upande wa Isinya na kuyauza mtaani kwetu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mtungi kati ya miguu, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Takwenya," nilimsalimu.

"Iko," akajibu, na hapo Kimaasai changu kikaisha. Cha Mama wa Kanda nacho huishia hapohapo. Tumekaa Kitengela mpaka tunaitwa wenyeji, na tumenunua mashamba, lakini lugha tuliyoikuta hapa tumeichukua salamu tu.

Mama wa Kanda alieleza. Kabla ya shughuli yoyote alikuwa na desturi ya kupima sauti: alimpa bibi harusi kipaza sauti, akamwambia aseme chochote, naye akatazama mshale kama unapanda. Sehemu hiyo haikuingia kwenye kanda ya wateja. Kwenye kanda mama ilikuwapo. Mama wa binti alikuwa amesema maneno kadhaa, kwa sauti iliyo wazi kabisa, kwa Kimaasai. Siku ile Mama wa Kanda aliutazama mshale, akaridhika, akaendelea na kazi. Hakujua lilisemwa nini. Leo alikuwa amemwuliza mama wa maziwa.

"Na anasema nini?" niliuliza.

Mama wa maziwa alijifunika mdomo kwa shuka, mabega yakacheka. "Anaongea mambo ya ndama."

"Ndama yupi?"

"Ndama ya kwao. Anaita mama yake. Yeyo, hiyo ndama nyekundu haijafungiwa, iko huko nje na mama yake, itanyonya yote, wageni watakunywa chai ya rangi."

"Basi?"

"Basi. Halafu wanamwambia atoke, waende kanisani."

Nilitazama kioo. Picha ilikuwa imesimamishwa. Bibi harusi alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, kichwa amekigeuza upande wa nyumba, kipaza sauti amekishika mbali kidogo kama kitu cha moto. Chini yake, kwa herufi nyeupe, palikuwa pameandikwa: MUNGU AKUBARIKI MWANANGU.

"Mama," nikasema, "haya ni maneno ya nani?"

"Ndiyo hiyo shida ya dini."

"Hayo hakuyasema."

"Sijakata kitu, Mwalimu. Sauti iko yote. Nimeongeza tu maandishi."

"Utamdanganya mtoto siku ya harusi yake?"

"Huyu mtoto amengoja hii sauti maisha yake yote. Atakuja hapa na moyo mkononi. Nimpe ndama?"

"Mpe alichosema mama yake."

"Wewe ukweli unautaka kama askari anataka kitambulisho. Huko Kajiado kutakuwa na watu, kutakuwa na wakwe. Kila mtu anangoja baraka ya mama. Halafu kwa kioo kikubwa: ndama atanyonya. Watu watacheka, na yeye amesimama hapo na shela."

"Wanaojua Kimaasai watacheka zaidi wakisoma hayo yako," nikamwambia. "Umewahi kusema hukati mtu. Huyu umemkata, Mama. Umeacha mdomo, ukatupa maneno yake."

 Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha deki.   Mama wa maziwa alitutazama kwa zamu, kisha akauliza kama anaweza kwenda kwa sababu jua lingeharibu maziwa. Mama wa Kanda alimwomba angoje kidogo.

Binti aliingia wakati huohuo. Alikuwa ameambiwa aje adhuhuri, hakuweza kungoja. Alitusalimu haraka, "Shikamoo Mwalimu, Shosho, Mama," na macho yake yalikuwa kwenye kioo kabla hatujaitika. Alisoma. Nilimwona akisoma mara ya pili.

"Ndicho anasema hicho?"

Mama wa Kanda alirudisha miwani usoni.

"Mwanangu nani?" binti akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza darasani, hesabu ikikataa. "Shosho, hii si siku ya harusi yake? Mimi sikuwa nimezaliwa. Hata hakuwa anajua nitakuja."

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona hilo, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikijiona mtetezi wa ukweli.

Binti alimgeukia mama wa maziwa. "Mama, wewe unasikia hiyo lugha. Amesema nini?"

 Mama wa maziwa alimtazama Mama wa Kanda, kama mtu anavyomtazama mwenye nyumba kabla ya kukalia kiti.

"Mwambie," Mama wa Kanda alisema.

Akamwambia yote: ndama mwekundu, ng'ombe aliyekuwa hajakamuliwa, chai ya rangi, wageni. Alieleza na sababu. Kwao msichana mkubwa ndiye hukamua, na ndama lazima afungiwe mbali na mama yake mpaka maziwa ya nyumba yapatikane. Asubuhi ile walikuwa wamemvalisha gauni mapema, na hakuna aliyekumbuka kazi yake. Naye hangeweza kurudi kuifanya, kwa sababu bibi harusi akishatoka kwenye boma la baba yake hageuki kutazama nyuma. Wanaambiwa atakayegeuka atakuwa jiwe. "Kwa hivyo alikuwa anamaliza maneno yake hapo mlangoni," mama wa maziwa alisema. "Akitoka, basi, hakuna maneno tena."

Binti alikaa kwenye sanduku la bati. Nilingoja machozi, na nilimwona Mama wa Kanda akiangalia rafu ya karatasi laini. Hayakuja. Alianza kutabasamu, kwanza kidogo, halafu akashindwa kujizuia.

"Chai ya rangi!" akasema. "Yaani ameolewa na gauni yote hiyo na anafikiria chai ya rangi."

"Alikuwa mkamuaji," mama wa maziwa akasema. "Mtu wa maana."

"Na mimi huko naenda wana ng'ombe, na sijui kukamua hata mbuzi."

"Watapata cha kukucheka."

"Shosho, toa hayo maandishi," binti akasema. "Yote. Usiandike kitu. Wenye wanajua watasikia, na wengine wataniuliza niwaambie."

Mama wa Kanda alivuta kiti, akafuta herufi moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya mwisho. Alipomaliza hakuweka njiwa wala moyo. Aliirudisha picha mwanzo, akaongeza sauti, akampisha binti akae mbele.

Bibi harusi alikigeuza kichwa upande wa nyumba. "Yeyo," aliita, na maneno yakafuata, ya haraka, ya mtu mwenye kazi, sauti nyembamba kuliko uso wake. Nilitazama kioo pamoja na wengine. Kwa hiyo nilisikia kabla ya kuona kwamba mama wa maziwa, akiwa bado amekaa na mtungi wake, alikuwa ameijibu sauti ile, kwa Kimaasai, kwa nguvu, kama mtu anayejibu kutoka ndani ya nyumba.

Binti aligeuka. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia imefungiwa," mama wa maziwa alisema. "Aende tu. Asigeuke."